Maji Katika Chumba cha Pili

Kumbukumbu za kifaa zilisema kwamba Gaudens Luambano alidai kuwa yeye ndiye marehemu.

Dakta Subilaga Mwaisaka aliirudia sentensi hiyo, kisha akaendelea kusoma. Mgonjwa amevaa koti la marehemu. Mgonjwa amelala kwenye kitanda cha marehemu na kuagiza supu. Mgonjwa anacheka msibani. Moyo unakwenda mbio, usemi una kasi, mada zinarukaruka. Uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mkubwa. Dozi ya dharura imetolewa.

Dozi ilifanya kazi yake. Gaudens alilala fofofo kitandani kwa mzee Kihwele, katikati ya matanga, na ikabidi waombolezaji waache maiti yao wambebe mtu aliye hai.

Sasa alikuwa ameketi mbele ya dakta, mtu mrefu mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo. Kazi yake ilikuwa kunoa misumeno katika kiwanda cha mbao cha Lwangiro.

"Nieleze," alisema Dakta Subilaga.

"Nieleze nini, dakta? Mzee Kihwele ni Mhehe. Mimi Mngoni. Ulitaka nilie?"

"Nataka unieleze habari ya kitanda."

"Mtani wako akifa unalala kitandani kwake. Unavaa nguo zake. Unamwita mjane, unamwambia, mke wangu, supu yangu iko wapi, au umeshapata mwingine? Mjane anacheka bila kutaka, watu wanapumua, ndipo wanapata nguvu ya kuzika. Kwenu Tukuyu hamfanyi hivyo?"

"Kwetu tunacheza ngoma."

"Basi ombeni shangazi asiwakute mnacheza."

Shangazi lilikuwa jina la mtaani. Jina rasmi la kifaa lilikuwa refu na hakuna mgonjwa aliyelitumia. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi, kikazikwa chini ya mfupa wa bega, na watu wakakiita shangazi kwa sababu kinasikia kila kitu, kinaingilia kila kitu, na hakuna anayethubutu kukifukuza nyumbani. Kilisikiliza sauti, mapigo ya moyo na usingizi. Ndani yake mlikuwa na vyumba viwili: cha kwanza kilihifadhi dawa, iliyotolewa kidogo kidogo mchana na usiku, cha pili kilihifadhi maji ya chumvi, ya kusafishia mrija usizibe. Kifaa kilipoona hatari hakikumsubiri mtu. Ubongo wake wa kielektroniki ulikuwa umefunzwa kwa sauti za maelfu ya wagonjwa waliorekodiwa wodini. Dakta Subilaga aliliona kosa mara moja, tena aliona aibu kwamba halikuonwa mapema: wodini hakuna anayezikwa, kwa hiyo hakuna mtani aliyewahi kurekodiwa kazini.

"Nitaandika kwamba lilikuwa kosa la mashine," alisema. "Bila pingamizi langu, ukishapata dozi ya dharura unapandishwa ngazi ya tatu ya uangalizi baada ya miezi mitatu. Ukiwa ngazi ya tatu hutaruhusiwa kugusa mashine yoyote yenye meno. Nitaweka pingamizi. Utabaki na kazi yako."

"Sitaki pingamizi. Nataka kitolewe."

"Hayo ni mambo mawili tofauti. Kifaa kukosea msibani hakuthibitishi kwamba dawa huihitaji. Umekaa miaka tisa bila kuugua."

"Ndiyo. Na hiyo miaka tisa inathibitisha nini?"

"Kwamba dawa inafanya kazi."

"Au kwamba nilipona." Gaudens aliinama mbele. "Mimi nikinoa msumeno, nikitaka kujua kama ni jiwe langu au ni chuma chenyewe kizuri, nabadilisha jiwe. Nyie mmebadilisha nini kwa miaka tisa?"

Dakta Subilaga alikuwa mtu wa kuheshimu swali zuri hata likitoka upande usiompendeza, na hili lilikuwa zuri. Jibu lake lilikuwa: hakuna tulichobadilisha.

*

"Hapana," alisema Dakta Rweyongeza, mkuu wa kliniki, kabla hajamaliza kusikiliza.

"Sijafika mwisho."

"Mwisho naujua. Unataka kumwachisha dawa mtu aliyewahi kuipigilia misumari nyumba yake, mke na mtoto wakiwa ndani."

"Nataka kujua kama anaihitaji, na kwa kiasi gani. Kifaa kina maji ya chumvi. Kinaweza kutoa maji badala ya dawa bila yeye kujua, na bila mimi kujua. Mwezi mmoja dozi kamili, mwezi mmoja nusu, mwezi mmoja maji, kwa mpangilio utakaochaguliwa na kompyuta. Kila wiki nampima bila kujua ninachopima. Dawa za siku hizi hutoka mwilini ndani ya siku chache, na zinarudi upesi vilevile."

"Tafiti zipo. Wanaoacha dawa, wengi hurudi wodini."

"Wengi, si wote. Yeye anauliza yuko upande gani."

Rweyongeza aliweka kikombe chake cha kahawa mezani. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. "Subilaga, nilipoanza kazi niliwakuta watu wamefungwa kwenye magogo nyuma ya nyumba. Gogo limetobolewa, mguu umepitishwa tunduni, unaelewa? Baba wa mtu, mama wa mtu. Maneno matamu hayakuwatoa pale, wala maombi. Iliwatoa dawa. Leo kila kijana mwenye simu anakuja kuniambia kwamba dawa ndiyo gogo."

"Sisemi hivyo. Sina shaka na dawa. Nina shaka kama tunajua tunachodai kujua kuhusu mtu huyu mmoja."

"Na ukiupata ujuzi huo kwa gharama ya mtoto wake?"

Hilo halikuwa swali la takwimu, na wote wawili walilijua.

"Mkewe akikataa, sifanyi," alisema Dakta Subilaga.

*

Skolastika Haule, mke wa Gaudens, alikuwa kitaluni kwake, akijaza udongo kwenye viriba vya miche ya misindano. Hakusimama. Alimwonyesha mgeni ndoo iliyofunikwa, dakta akaikalia, akaeleza mpango wote bila kupamba.

"Baba Edigna ameniambia," alisema Skolastika alipomaliza. "Nikamwambia, wewe umeshiba amani."

"Mama Edigna, ile mara ya kwanza ilikuwaje? Nimesoma faili. Nataka kwako."

Mikono ya Skolastika iliendelea kusindilia udongo. "Alisema moshi wa kiwandani una sumu. Akapigilia mlango, akapigilia madirisha, akaziba nyufa kwa mablanketi na kanga zangu zote. Edigna alikuwa ananyonya. Maji yetu yalipokwisha alitupatia yake, yeye akakaa na kiu. Hakutupiga, dakta. Angetupiga ningepiga kelele mapema. Alikuwa anatuokoa. Alikuwa mpole kuliko siku zote."

Dakta Subilaga hakuandika chochote. Faili lilisema *aliwafungia*, na neno hilo halikuwa na upole wowote ndani yake.

"Kwa hiyo unakataa."

"Sijakataa. Miaka tisa nakaa na mtu anayeuliza kama yeye ni yeye au ni dawa. Nimechoka na swali hilo kuliko yeye. Lakini nina sharti. Huo mpangilio nitaujua mimi. Nitajua mwezi wa maji ni upi, na nikisema simamisha, unasimamisha bila kuniuliza mara mbili."

"Ukijua wewe, jaribio linaharibika. Atasoma usoni kwako."

Skolastika alicheka kwa mara ya kwanza. "Nimeolewa naye miaka kumi na minne. Unadhani huwa ananitazama usoni?"

"Nasema kweli, mama Edigna. Hata kama yeye hatasoma, wewe ukijua ni maji utaanza kuona mambo. Kila akikohoa utaona ugonjwa. Ushahidi wako utakuwa mchafu."

"Basi uwe mchafu. Nyumba ni yangu."

Dakta Subilaga alilipima hilo kama alivyopima kila kitu. Upande mmoja palikuwa na jaribio safi ambalo mwanamke huyu angelala ndani yake bila kujua. Upande wa pili jaribio lenye doa, na mlango ambao mtu wa ndani angeweza kuufungua. Kama mwanasayansi alitaka la kwanza, na alilitaka sana. Aligundua kwamba kulitaka sana ndiko kulikomwonyesha kuwa hana haki ya kulichagua.

"Sawa," alisema. "Utajua wewe peke yako."

*

Mwezi wa kwanza Gaudens alikuja kliniki akiwa amechangamka kupita kiasi. Alimwambia mlinzi wa getini, Mhehe mnene asiyecheka, kwamba asubuhi alimpita mbwa wa jirani na sasa hamwoni tena, na kwa kuwa Wahehe hutaniwa kuwa wanakula mbwa, je, mlinzi amekula nini mchana? Mlinzi alimjibu kwamba Mngoni, mtoro wa vita kutoka kusini, hana haki ya kuuliza habari za nyama. Gaudens aliingia ofisini bado anacheka. Alikuwa analala kidogo. Alikuwa na mipango ya kutengeneza jiwe jipya la kunolea, tena alieleza kwa mchoro. Dakta Subilaga alijaza vipimo vyake, akajumlisha, kisha pembeni akaandika anachokisia: *maji*.

Mwezi wa pili alitulia. Alikuja kwa wakati, akajibu alichoulizwa, akasema usingizi ni mzuri na Edigna amepata alama nzuri za hesabu. Dakta aliandika: *ametulia vizuri, dozi kamili*. Kisio hilo lilimridhisha, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini kuridhika, alilichorea mstari chini ili aje alihakiki.

Mwezi wa tatu ulianza bila lolote la kutaja. Katika wiki yake ya tatu, Skolastika aliingia kliniki akiwa na udongo kwenye kucha, akasimama mlangoni.

"Simamisha."

Dakta Subilaga aligeukia kompyuta, akafungua rekodi ya Gaudens, akaweka dole gumba. Amri ya kurudisha dawa ilitoka. Mabishano yangeweza kusubiri, dozi haikuweza. Ndipo akauliza, "Nini kimetokea?"

"Nyaulingo alipita nyumbani jana. Yule fundi wa mashine ya randa, mtani wake. Kampigia kelele kama kila siku: wewe mtoro, umemaliza kunoa visu vya kukimbilia? Baba Edigna hakujibu. Kaingia ndani, kafunga mlango, kaniuliza, kwa nini huyu mtu ananifuata?" Alisogea hatua moja ndani. "Dakta, Nyaulingo angemwita mbwa mbele ya askofu, angecheka. Mngoni akishindwa kusikia utani, kuna kitu."

"Kifaa hakijaona chochote. Vipimo vyangu vya juzi havikuona chochote."

"Mimi nimeona."

"Huu ni mwezi wa maji?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

Skolastika alielewa maana ya hilo, na uso wake ukabadilika. "Kwa hiyo nilipaswa kusubiri misumari?"

"Hapana. Umesema simamisha, nimesimamisha, na ningefanya hivyo hata kama ungekuwa umeota tu. Lakini nahitaji kujua kama uliona ugonjwa au uliona woga wako. Sitaki kumwambia mtu kwamba ni mgonjwa wa maisha kwa sababu siku moja alikuwa na hasira." Alikuwa ameshachukua koti lake. "Aliyebaki bila kujua ni yeye. Twende kabla hajaambiwa na mtu."

*

Chumba cha kunolea kilikuwa nyuma ya kiwanda, na misumeno ya mkanda ilining'inia ukutani kwa mizunguko mikubwa. Gaudens alizima jiwe alipowaona. Alimtazama mkewe, kisha dakta.

"Amekufa nani?"

"Hakuna," alisema Dakta Subilaga. "Nina swali moja, na naomba ujibu kabla sijakuambia lolote. Mwezi huu unadhani umo kwenye nini?"

Alijibu bila kufikiri. "Dawa. Kamili, tena huenda mmeiongeza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimenuna. Watu wananichosha. Nyaulingo alinipigia kelele jana nikaona kama ana jambo lake. Na hii harufu ya gundi kutoka upande wa plaiwudi, imekuwa kali, inanikaa kooni. Nikasema, haya, shangazi amerudi na hasira." Alitazama nyuso zao. "Nimesema nini?"

Skolastika aligeukia ukuta.

Dakta Subilaga alikuwa mtulivu kwa namna aliyokuwa nayo tu anapopata jibu. Kama Gaudens angekisia maji, mabadiliko yake yangeweza kuwa hofu ya kuwa bila dawa, na jaribio lingekufa papo hapo. Lakini aliamini kwamba amelindwa. Alikuwa anazama huku akidhani amesimama kwenye ngazi. Mtu anayeamini kwamba amelindwa haugui kwa hofu ya kukosa dawa.

"Ni maji," alisema. "Tangu mwanzo wa mwezi. Nimeirudisha dawa leo. Harufu itapungua."

Gaudens aliketi juu ya boksi la vipuri. Kwa muda mrefu alikuwa anakuna kovu moja la kidole kwa kucha ya kidole kingine.

"Kwa hiyo sikupona," alisema.

"Hapana. Si kwa maana uliyoitaka."

"Ungeweza kulisema taratibu."

"Ungeniamini?"

"Na mwezi wa kwanza?"

Dakta alimtazama Skolastika. Skolastika alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kamili," alisema. "Wa pili nusu."

Dakta Subilaga aliona maandishi yake mwenyewe, na mstari alioupiga chini.

"Wewe ulikisia nini?" Gaudens aliuliza. Udadisi ulikuwa umeanza kurudi usoni kwake. "Sema kweli."

"Wa kwanza nilikisia maji. Wa pili nilikisia dozi kamili."

"Yote mawili umekosa?"

"Yote mawili."

"Mashine ikakosea msibani. Daktari akakosea mara mbili. Mimi mwenyewe nimekosea leo. Amebaki nani?"

Wote wawili walimgeukia Skolastika.

"Msinitazame mimi," alisema kwa ukali. "Mimi nilikuwa nimeonyeshwa jibu."

Gaudens alianza kucheka, kicheko kikavu kilichoisha upesi. "Nusu," alisema. "Mwezi wa pili nilikuwa mzima. Edigna aliniambia nimekuwa baba mzuri. Nipe nusu. Nimekubali nina ugonjwa, sawa. Lakini shangazi asinichome tena dawa kama ng'ombe wa josho bila mtu kuuliza."

"Dozi ya dharura naweza kuifungia mpaka mtu aithibitishe," alisema Dakta Subilaga. "Sheria inaniruhusu kuchagua mtu huyo. Kwa kawaida ni sisi kliniki."

"Kliniki mtaona maandishi kwenye skrini: analala kitanda cha maiti. Mtabonyeza."

"Mkeo, basi."

"Hapana," alisema Skolastika. "Mimi nalala naye, nampikia, nagombana naye. Nikishika hicho kitufe, kila ugomvi atatazama mkono wangu. Mimi ni mke, si askari."

Jiwe la kunolea lilimaliza mzunguko wake wa mwisho na kusimama. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa anaimba vibaya kwa sauti kubwa.

Gaudens alielekeza kidole ukutani. "Mpe huyo."

"Nyaulingo?" Skolastika alishangaa. "Yule mla mbwa?"

"Huyo hawezi kunionea haya wala huruma. Kila siku ananitukana. Siku nikishindwa kumjibu, atakuwa wa kwanza kujua."

*

Dakta Subilaga aliorodhesha kasoro za wazo hilo kwa Rweyongeza kabla Rweyongeza hajafanya hivyo. Nyaulingo hakuwa na mafunzo yoyote. Wikiendi alikunywa pombe ya ulanzi. Alichojua kuhusu ugonjwa hakikuzidi utani. Kisha akaeleza faida moja: alikuwa amempima Gaudens kila siku ya kazi kwa miaka kumi na moja, kwa kipimo kimoja, bila kukikosa, na bila kuwa na sababu ya kumtakia kufungwa wala kuachiwa.

Rweyongeza alisoma matokeo ya miezi mitatu mpaka mwisho. Yalimkera pale yalipomuunga mkono na pale yalipompinga. "Dawa anaihitaji," alisema. "Hilo uliandike kwa herufi kubwa."

"Nimeandika."

"Na uliandike kwamba hukuweza kutofautisha."

"Hilo pia nimeandika."

Rweyongeza akatia saini pingamizi, na chini yake nusu dozi. Gaudens angebaki ngazi ya kwanza, na misumeno yake.

Nyaulingo alikuja kliniki akiwa amevaa suti ya harusi. Aliketi kwenye ukingo wa kiti. Gaudens alikuwa kando yake, Skolastika nyuma yao. Dakta Subilaga alieleza: kifaa kikiona hatari kitampigia simu kabla ya kutoa dozi. Ataenda alipo Gaudens, atazungumza naye, kisha atabonyeza ndiyo au hapana. Akibonyeza ndiyo, kliniki itafika ndani ya saa hiyo.

"Kwa hiyo nikibonyeza analala?"

"Ndiyo."

"Hata sasa hivi?"

"Jaribu uone, mla mbwa," alisema Gaudens. "Nikiamka nitakuwa nimeoa dada yako."

Nyaulingo hakucheka. Aliweka dole gumba kwenye kioo, alama yake ikasomwa, ikakubaliwa, lakini hakukiondoa kidole. Alikuwa anakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Dakta," alisema kwa sauti ambayo pengine hakuna mtu kiwandani aliyewahi kuisikia. "Na nikikosea?"

Gaudens naye aligeuka kumtazama dakta. Skolastika pia.

Kulikuwa na tafiti ambazo angeweza kuzitaja, na asilimia, na kanuni ya jinsi makosa ya watu wawili wasiojuana yanavyoweza kusahihishana. Zote zilikuwa za kweli. Dakta Subilaga alivuta kiti chake mpaka kikawa upande wao wa meza.

"Mimi nimekosea mara mbili katika miezi mitatu," alisema. "Tuanzie hapo."